Amana ya Mama Picha

Ukitaka kumjua mpiga picha wetu usimtafute kwenye picha, kwa kuwa humo hayumo. Harusi za nusu ya Msambweni zimepita mbele ya kamera yake, tangu enzi za kanda mpaka hizi za diski, lakini yeye mwenyewe sijui kama ana picha zaidi ya ile ya kitambulisho, na hiyo nayo anasema ilipigwa na mtu asiyejua kazi. Sisi wanawake tulimwita Mama Picha. Mimi ni mshonaji, nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, na nikisema namjua sijisifu. Tumegombana vya kutosha kujuana.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu nieleze kidogo. Harusi ina upande wa wanaume na upande wa wanawake. Kwenye kupamba, bi harusi anapotolewa aonwe, mwanamume haingii hata awe nani. Huko ndani mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiliwa, na mama wa watu ambaye barabarani unamjua kwa macho tu utamkuta katikati ya ua anacheza mpaka jasho linamtiririka. Anayechukua picha za humo ameshikishwa heshima za watu. Yeye ndiye aliyeshikishwa, na hakutaka masihara na jambo hilo.

Kazi yake aliianzia mlangoni. Alisimama na ndoo ya plastiki, na kila aliyeingia aliitia simu yake humo, bibi kizee kwa msichana. Kulikuwa na harusi moja iliyohudhuriwa na mke wa mkubwa fulani wa kaunti, na yule mama akakataa kutoa simu, akasema yeye si mtoto mdogo. Mama Picha hakubishana naye. Aliketi kwenye kiti, akaipakata kamera, akaomba chai. Ngoma ikapigwa, bi harusi akatolewa, na kamera imelala mapajani. Mamake bi harusi akaja kumbembeleza, akatokwa na machozi kidogo, kisha akaona asiyebembelezeka ni nani, akageuka na kumwendea mgeni wake. Simu iliingia ndooni. Mama Picha alimaliza chai yake kwanza, ndipo akainuka.

"Kamera yangu haina mume." Hilo ndilo neno alilopenda kulisema, na alilisema kwa kila mwanamume aliyejitia kuwa na haki nayo. Bwana harusi mmoja alimjia na ndugu zake wawili, amevaa kanzu ya kupigwa pasi vizuri, anataka kanda ya kupamba kwa mkewe. Mkewe ni wa halali, alisema, na picha zake ni halali yake. Mimi nilikuwa kibarazani kwangu nashona vifungo, nikasikia yote. Mama Picha alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, kisha akamwambia, "Mkeo utamwona kwako, mwanangu. Hawa wengine unataka kuwaona wa nini?" Yule bwana alitazama viatu vyake. Ndugu zake ndio waliotangulia kuondoka.

Kuna wakati mhadhiri mmoja alimsema kwenye kipaza sauti, bila kumtaja, lakini hapa kwetu mwanamke mwenye kamera alikuwa mmoja tu. Ati anaweka wake za watu ndani ya mashine. Tulidhani atajifungia ndani kwa aibu. Yeye alivaa leso yake mpya akaenda sokoni, akapita mbele ya kila duka, akawaamkia watu wote, hata wale asiokuwa na mazoea ya kuwaamkia. Haukupita muda binti wa mhadhiri huyo akaposwa. Mkewe alikuja kumwita Mama Picha kwenye harusi, akapitia mlango wa uani, ule wa kutolea maji machafu. Mama Picha alimrudisha. Alimwambia azunguke aje mlango wa mbele, apige hodi kama watu, ndipo wataongea. Yule mama akazunguka.

Nisiwadanganye kwamba alikuwa mtawa. Siku ile ile ya mke wa mkubwa na simu yake, asubuhi alikuwa Diani kwenye mchanga, anapiga picha maharusi waliotoka bara, bi harusi mabega wazi na kitambaa kimeroa mpaka magotini, naye anawaambia wasogeleane, wabusiane, wasione haya. Amewahi kuvushwa mpaka kisiwa cha Chale kwa kazi ya namna hiyo, akarudi amefurahi na mfuko wa mikate ya hotelini. Nilimuuliza hayo yanaendaje pamoja. Alinijibu kwamba wale wametaka kuonwa na dunia, na yeye anawaonyesha, na hawa wametaka kuonana wao kwa wao, na yeye anawafichia. Kazi ni moja, alisema, ni kumfanyia mtu alivyotaka. Kisha akanilia mikate yote asinibakishie hata mmoja.

Alikuwa na ulimi mbaya. Watoto walimwogopa, na stima ikipotea katikati ya kazi yake nilifunga dirisha kwa ajili ya masikio yangu. Ndani ya buibui alivaa suruali ya kiume yenye mifuko mingi, imejaa betri na nyaya, na alitembea akikigongagonga kila kitu. Umbea aliupenda kama chai. Angekaa kwangu akanieleza nani ameachika na nani anaringa bure, lakini mambo ya ndani ya kupamba hakuyagusa kamwe. Nilimchokoza mara nyingi. Nilimtajia mwanamke fulani anayejidai mcha Mungu, nikamuuliza je, siku ile alicheza? Aliinua kikombe, akanywa, akaniuliza habari za cherehani yangu.

Kompyuta yake ilikaa chumbani, juu ya meza ndogo, imefunikwa leso kama chakula. Ilikuwa ya zamani, na tumboni mwake mlikuwa na diski mbili. Moja ndogo, iliyobeba mfumo wa kuiendesha mashine. Ya pili kubwa, iliyotubeba sisi. Zile kanda za kale zilipoanza kuota ukungu kwa unyevu wa bahari, alizihamishia zote kwenye diski hiyo, jioni baada ya jioni, na kanda zilizooza akazichoma moto uani. Harusi zetu zikawa zinakaa pahali pamoja tu duniani.

Nami humo nilikuwa na changu. Kwenye harusi yangu alikuwepo dadangu mkubwa, yeye ndiye aliyesimamia jikoni na wageni. Baadaye dadangu alifariki, akaacha mtoto wa kiume wa kunyonya, nikamlea mimi. Mtoto huyo sasa ni mwalimu huko Waa, mtu mzima mwenye ndevu. Picha za karatasi za mamake anazo, lakini aliwahi kuniuliza kama kuna popote anapoweza kumwona mamake akijisogeza, akiwa hai, hata kidogo. Nakala ya harusi yangu niliyopewa zamani ilikwishaharibika kwa ukungu. Nikamwambia ipo, ipo kwa Mama Picha, siku moja tutaomba. Siku moja ilikuwa haijafika.

Basi kompyuta ikaanza ugonjwa. Ukiiwasha inawaka, inafikiri, inazimika. Mama Picha akaifunga kwa leso, akaipeleka Ukunda kwa fundi wa kompyuta, mtu wa bara, mpole, mwenye duka lake karibu na stendi. Fundi akaitazama, akasema mfumo umeharibika, dawa yake ni kupiga windo upya, yaani kuufuta mfumo na kuuweka mwingine mpya kwenye ile diski ndogo. Kisha akamuuliza, kama fundi mwema anavyouliza, hiyo diski nyingine ina kitu?

Akamjibu hakuna kitu.

Mtu wa mahali pengine atamwona mjinga. Sisi tulimwelewa mara moja, na ndiyo maana hakuna mwanamke hata mmoja aliyemlaumu kwa neno lile. Ukimwambia mwanamume mgeni kwamba humu mna vitu, usifungue, atajua pa kufungua. Tumelelewa hivyo, kikiulizwa cha ndani jibu ni hakuna. Alilijibu lile swali kama ambavyo mamake angelijibu, na nyanyake. Kwamba fundi naye angemwamini, hilo hakuliwaza.

Fundi alimwamini. Alipiga windo kwenye diski ndogo, kisha akaona huyu mama amekuja na diski kubwa tupu, inakaa bure, akaifomati, yaani akaifuta yote, ili iwe safi. Na kwa kuwa ni mtu wa roho nzuri akamwekea zawadi humo: mamuvi. Mama Picha aliirudisha mashine nyumbani, akaiwasha, ikawaka vizuri kuliko ilivyowahi kuwaka. Akafungua diski ya pili kuhakikisha watu wake. Akakuta Wachina wanapigana mateke.

Nilisikia ukimya kwanza. Mtu niliyezoea kusikia kelele zake ukutani, ghafla kimya. Nilipokwenda nilimkuta ameketi kitandani, mikono imelala mapajani, na kwenye kioo kuna mtu amerukia paa la nyumba. Hakulia. Alinitazama akaniambia, "Nimewapoteza wote." Nami nikamfikiria dadangu, nikaketi pale pale sakafuni.

Habari zikaenea, na wafariji wakaja. Kila mmoja na lake: ndivyo ilivyoandikwa, tushukuru, huenda ni kheri, Mungu ametusitiri, picha zenyewe zilikuwa na madhambi. Mama Picha aliwavumilia hao siku moja tu. Wa mwisho alikuwa shemeji yangu, aliyemshauri kwamba amri ya Mungu haina budi kupokewa. Mama Picha alisimama akavaa buibui. "Mungu hakufomati diski," alisema. "Aliyefomati duka lake nalijua."

Nilifuatana naye. Nilikuwa na hakika atamrarua fundi mbele za watu, na fundi naye alipomwona akabadilika uso. Alisema, "Mama, si niliuliza? Si wewe uliniambia hakuna kitu?" Mama Picha akasema ndiyo, nilikwambia, na wewe hukukosa. Sijawahi kumsikia akimpa mtu haki yake haraka namna ile. Kisha akamuuliza kitu kimoja tu, kwamba kilichofutwa kimekwenda wapi.

Fundi akatueleza, na nilivyomwelewa ni hivi. Kufomati kwa haraka hakuchomi kilichomo. Kunaondoa tu kumbukumbu ya kwamba humo mna nini na kipo wapi, na diski inajiona tupu, lakini vitu vyenyewe vinabaki vimelala mpaka kije kingine kiandikwe juu yao. Yale mamuvi yalikwisha kuandikwa juu ya baadhi, na walio chini yake hawarudi tena. Waliobaki wanaweza kufufuliwa, iwapo hakuna atakayeongeza chochote kwenye diski. Ipo programu ya kazi hiyo. Inachimbua faili moja moja, na kila inapolipata inaonyesha picha yake ndogo, ili fundi aone kwamba limetoka zima. Aiache mashine, atampigia simu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na haukuwa wa matusi. Mama Picha aliikumbatia ile mashine, akasema haibaki. Fundi akamwapia kwamba hatatazama. Akamjibu kwamba hata yeye mwenyewe akifungua sufuria hutazama ndani, ni macho, hayana ubaya wake, lakini yanatazama. Fundi akasema basi kaa hapa hapa nami. Mama Picha akasema, na wewe ukiwa wapi? Kulikuwa na fundi mwanamke aliyetajwa, wa Mombasa, tukampigia, naye akataka mashine iachwe dukani kwa bosi wake, mwanamume. Wateja walikuwa wamejaa wanatusikiliza. Mzee mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo alimwambia Mama Picha achague, ama watu waonwe ama wapotee, hakuna njia ya tatu.

"Ipo," alisema. Akamgeukia fundi. "Nifundishe mimi."

Fundi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Nimwache Mama Picha nimsifu kidogo yule bwana, maana alikuwa na kila sababu ya kutufukuza. Alimpa kiti. Alitoa flashi, akaijaza picha za mikate na sambusa kutoka duka la jirani, akaifomati mbele yake, akamwonyesha namna ya kuzirudisha. Kisha akafuta tena akamwambia haya, wewe. Mama Picha akakosea. Akarudia, akakosea pengine. Alikwenda Ukunda na kurudi wiki nzima, akakaa pale kati ya waya na mashine zilizofunguliwa matumbo, anafufua sambusa. Alimtukana fundi, akaitukana programu, akamletea fundi samaki wa kupaka, akamtukana tena. Kuna siku nilimkuta amekunja uso, nikamwambia apumzike, mambo ya kujifunza yana umri wake. Aliniuliza kama dadangu naye nimemwambia apumzike. Niliumia, na alitaka niumie.

Alipokuwa tayari aliazima diski nyingine kubwa kwa fundi, ya kupokelea watakaofufuka, akaja nayo nyumbani. Kazi ilifanyika mchana, baada ya adhuhuri, mapazia yameshushwa na mlango una komeo. Tulikuwa wawili ndani. Fundi alikuwa kwenye simu, sauti yake mezani, yeye yuko Ukunda hajui hata chumba kina rangi gani.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Inauliza ichimbue wapi."

"Chagua hiyo kubwa yenye mamuvi. Umechagua? Sasa itakuuliza iandike wapi. Mama, tulia hapo. Ukiiambia iandike humo humo, utawaandika juu ya wenzao, na hakutakuwa na kufufua tena."

Kwenye kioo kulikuwa na majina mawili ya diski yaliyokaribia kufanana, herufi moja tu tofauti. Nami nilijua kidole kile kikiteleza dadangu anakufa mara ya pili. Aliutoa mkono kwenye kipanya, akaufuta kwenye leso, akasoma yale majina kwa sauti, polepole, herufi kwa herufi, fundi akimwitikia. Kisha akabonyeza.

Picha ndogo zilianza kutokea. Mikono yenye hina. Mgongo wa mtu. Mdomo unacheka. "Zinatoka?" fundi aliuliza. "Zinatoka," Mama Picha alisema, na kabla fundi hajaongeza neno alimshukuru, akamwombea dua ndefu yeye na watoto wake, akakata simu.

Waliofufuka walikuja bila majina. Mafaili yote yalikuwa namba tu, harusi moja imekatika vipande na kuchanganyika na nyingine, kilemba cha huyu, kicheko cha yule. Ikabidi atuite wenyewe tujitambue. Alasiri kwa alasiri tulijaa chumbani mwake, simu ndooni kama kawaida, tukatazama mpaka mtu aseme, huyo ni mimi. Wako waliojikataa kwa wembamba waliokuwa nao. Wako waliolia kwa kumwona mama. Mmoja aliyeachika akasema yake ifutwe, Mama Picha akaifuta, hakumuuliza kwa nini. Na wako ambao hawakutokea kabisa, waliolala chini ya wale Wachina, na hao aliwaendea nyumbani mmoja mmoja kuwaambia kwa mdomo wake, akasubiri wamseme. Wengine walimsema.

Mimi nilitokea. Nikajiona bi harusi, nimeinamisha kichwa kwa haya ambayo sasa sijui iliondoka lini. Na dadangu akatoka jikoni amebeba sinia la halua, kichwa wazi, nywele zimesukwa, akapita katikati ya wanawake wanaocheza, akavuka ua. Ni kitambo kidogo tu. Nilipiga kelele mpaka wenzangu wakanishika.

Nilimwomba kipande kile nimpe mwanangu. Akakataa.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia huyu ni mtoto wa marehemu, mamake ni halali yake, kwa dini na kwa kila kitu. Akasema mamake ndiyo, lakini wale wanaocheza pembeni mwake si mama zake. Nikamwambia harusi ilikuwa yangu. "Harusi ilikuwa yako," alinijibu, "watu walikuwa wa kwao." Nikamwita mkaidi, nikamwita mwanamke asiyejua uchungu wa yatima, na mengine ambayo ukuta wetu unayajua. Nikaondoka. Tukakaa bila kusemezana, ukuta kwa ukuta, kila mtu anasikia mwenzake akikohoa.

Sikujua kwamba siku zile alikuwa njiani. Nilikuja kuambiwa na watu. Alipiga hodi kwa kila mwanamke aliyeonekana kwenye kile kipande, wengine waliolewa mbali, mpaka huko ndani Kinango kwenye jua lisilo na kivuli. Alipiga hodi kwa mabinti wa waliokufa. Kila alipofika alieleza mambo yalivyo: yupo kijana, mwana wa marehemu fulani, anataka kumwona mamake akitembea, nawe umo pembeni, je, una ridhaa? Wengi walikubali. Mmoja alikataa katakata, tena kwa maneno makali, na Mama Picha, yule ninayemjua mimi, hakumjibu kitu. Alirudi nyumbani akamfunika kwa doa jeusi, fremu kwa fremu, linalotembea naye popote anapotembea.

Alikuja kwangu Jumapili moja, mwanangu akiwa amekuja kunisalimia. Alipiga hodi, akaingia amebeba mashine ndogo ya kuazima, buibui limejaa vumbi. Alikuwa amekonda. Mwanangu alisimama akamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatafuta pa kuchomeka waya. Mimi sikumsemesha, wala yeye hakunisemesha. Aliketi, akamwita kijana akae karibu, akamweleza masharti kama anavyowaeleza wote. Ridhaa aliyoiomba kwa wanawake wale ilikuwa ya kutazama, si ya kukaa nayo. Ilikuwa ya mara moja, naye awepo. Mwanangu akasema amekubali.

Akaonyesha. Ua wa zamani, vumbi, ngoma, doa jeusi linazunguka zunguka upande mmoja. Dadangu akatoka jikoni na sinia. Alikuwa akitembea kwa kuegemea kidogo upande wa kushoto, bega moja limetangulia, na miaka yote hiyo nilikuwa nimelisahau bega lile. Alipofika karibu na kamera alisimama, akamtazama aliyeishika, akasema, "Mama Picha, umekula lakini?" Kisha akapita. Ikawa imekwisha.

Mwanangu alibaki ameinamia kioo. Baadaye akasema, kama mtu anayeuliza, "Anatembea kama mimi."

Na ni kweli. Nimemlea tangu ananyonya, nimemwona akienda shule na kurudi, na ilinipasa niambiwe.

Mama Picha alikuwa amekwisha kuishika flashi aichomoe. Alibaki hivyo hivyo, ameishika, anamtazama kijana. Huyu ndiye mwanamke aliyemnyima bwana harusi, aliyemkalisha mke wa mkubwa, aliyeninyima mimi. Nikajua anagombana na mtu, na safari hii si mmoja wetu. Kisha akaiachia flashi, akarudisha mkono kwenye mashine.

"Ya kwanza niliwaomba watu ruhusa," alisema. "Hii ya pili ni juu yangu. Nikiulizwa nitajibu mwenyewe."

Akabonyeza, na dadangu akatoka tena jikoni.